Okidi ya Watu Watatu

Paskalina alishika mzizi mmoja kwa vidole viwili, akauvuta kidogo tu, na ngozi yake yote ikavuka kama soksi ya mtoto. Kilichobaki kwenye okidi kilikuwa uzi mweusi, mwembamba, unaonuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Akashika wa pili. Nao ukavuka. Akaingiza mkono wote ndani ya sanduku, akapapasa mpaka nyuma kabisa, kule ambako feni ilivuta hewa ya nje, akitafuta hata mmoja ulio mgumu. Mkono ulitoka umejaa utelezi.

"Vipi?" mumewe, Fabiano, aliuliza akiwa amesimama nyuma yake.

"Leta taa."

Fabiano akaleta taa, akainama naye. Majani ya okidi bado yalikuwepo, ila yamelegea na kukunjamana kama ngozi ya mkoba ulionyeshewa ukakaushwa juani. Chini yake, pale palipokuwa na kichaka cha mizizi minene, myeupe, inayoning'inia hadi sakafu ya sanduku, hapakuwa na kitu.

"Tangu lini?"

"Sijui. Majani yalikuwa yananidanganya."

Tangu Ziwa Manyara lilipokauka na kuacha uwanda mweupe wa magadi, upepo uliinua unga ule kila mchana na kuumwaga juu ya mji wa Magugu. Ulikuwa laini kuliko sembe. Ulipita kwenye nyufa, kwenye vitambaa, hata kwenye barakoa, ukaenda kuchoma mapafu. Mashine za kuchuja hewa ziliziba siku ileile zilipowashwa. Kupanda milimani hakukuwezekana tena. Geti la Mbulu lilifungwa tangu maji ya huko yalipoanza kupungua, na walinzi wake hawakusikiliza kilio cha mtu. Kilichowaweka watu hai ni okidi zilizobuniwa katika kitalu cha mji kabla nacho hakijafungwa. Mizizi yake haikuhitaji udongo. Ilining'inia hewani, ikiwa na ganda kama sifongo lililonasa magadi, na ndani ya ganda hilo ziliishi kuvu zilizoyameng'enya yakawa chakula cha mmea. Feni iliivuta hewa ya nje, ikaipitisha kwenye mizizi, ikaitoa chumba cha ndani ikiwa safi na yenye unyevu. Familia ilikaa humo mlango ukiwa umezibwa. Kila okidi ilikuja na kibati kinachoonyesha inabeba pumzi za watu wangapi, na kibati cha okidi hii kiliandikwa WATATU.

Humo ndani waliishi wanne.

Wa nne alikuwa amekaa kitandani, amejifunga khanga mbili, anawatazama. Leokadia alikuwa dada mkubwa wa Fabiano, mjane, mwanamke mrefu aliyekuwa akiuza nguo za watoto stendi kabla vumbi halijaifunga stendi. Okidi za mtaa wake zilikufa zote kwa ugonjwa mmoja, naye akaja akagonga na begi lake na barakoa iliyochanika. Siku hiyo Fabiano alikitazama kile kibati, hakusema neno. Paskalina ndiye aliyefungua mlango. Ndiye aliyesema, "Ingia, wifi. Tutabanana."

Sasa Leokadia aliuliza, "Ni mimi, sivyo?"

"Usiseme hivyo, wifi."

"Mimi nimefanya biashara miaka yote. Kuhesabu vichwa siwezi kushindwa." Akakohoa, akajifuta mdomo. "Mtoto asisikie."

Lakini Agripina, mwenye miaka tisa, alikuwa ameshasikia. Alikuwa amesimama kando ya sanduku akiangalia vile vinyuzi vyeusi mkononi mwa mama yake.

*

Mzee Akonaay aliishi nyumba ya pili. Alikuwa bwana shamba wa kitalu mpaka macho yake yalipoingia ukungu, na tangu hapo alijifungia na okidi yake, hakaribishi mtu. Paskalina alipogonga akiwa na mmea ndani ya khanga iliyoloa, alimfanya asubiri ukumbini mpaka avue nguo za juu na kujifuta vumbi, ndipo akamfungulia mlango wa ndani.

Aliupokea mmea, akaupapasa kwa vidole kama daktari anayetafuta uvimbe.

"Ulikuwa unabeba watu wangapi?"

"Wanne."

"Nilikwambia." Hakupandisha sauti. "Kila mtu anadhani kile kibati ni urembo. Okidi ikizidiwa haipigi kelele. Magadi yanajaa kwenye ganda la mzizi kuliko kuvu zinavyoweza kula, maji yanasimama, mzizi unaoza. Shika wembe. Kata kila kitu cheusi. Ukiona sehemu ya kijani, acha."

Alikata. Hakuona kijani. Mzee alimpa mkaa uliosagwa na mdalasini, akamwonyesha jinsi ya kupaka majeraha yale mpaka yakauke. Mwishowe ilibaki shingo fupi, nene kama kidole gumba, yenye majani manne yaliyochoka.

"Imekufa?" aliuliza.

"Bado. Ni mgonjwa asiye na mdomo. Hayo majani yana akiba. Ikipata hewa yenye unyevu, isiyo na hata chembe ya magadi, itaila akiba hiyo na kutoa mzizi mpya. Ikipata vumbi siku moja tu, basi."

"Inachukua muda gani?"

"Miezi miwili. Minne. Nyingine inakula akiba yote, haitoi kitu."

"Hewa hiyo nitaipata wapi, mzee?"

Akonaay aligeuza kichwa. Feni ya sanduku lake ilikuwa ikivuma polepole, na nyuma ya kioo mizizi ya okidi yake ilijaa, myeupe, minene, mingine imejikunja kwenye kuta kwa kukosa nafasi.

"Hii yangu nayo ni ya watatu," alisema. "Mimi ni mmoja. Watu wanasema nina roho mbaya. Mimi naogopa tu, ingawa kwa aliye nje sijui kama kuna tofauti." Akaketi. "Nitakupa nafasi mbili. Mtoto mlete leo, hilo halina mjadala. Nafasi ya pili utachagua mwenyewe. Ukiniletea wifi yako atalala hapa, na huu mmea utautupa. Ukiniachia mmea, nitauning'iniza ndani ya sanduku langu. Lakini mmea usio na mizizi unakunywa hewa safi sawa na mtu mzima. Vyote viwili sitaweza."

"Hawawezi kupokezana? Wifi aje mchana, mtoto..."

"Mlango ukifunguliwa, vumbi linaingia, na mizizi yangu ndiyo inayolipa. Utafunguliwa mara moja kwa siku. Na hiyo mara moja utakuja wewe kuinyunyizia maji na kuikagua, kwa sababu mimi siwezi tena kuuona mzizi unapochomoza."

Paskalina aliufunika mmea kwa khanga.

"Sikiliza, mama Agripina. Ukimchagua mtu, watapona wawili, na wewe na mumeo mtakwisha polepole na barakoa zenu. Ukiuchagua mmea nao ukapona, kwenu mtakuwa na nafasi tatu na hapa mbili. Wote wanne mtapumua."

"Na usipopona?"

"Usipopona, utakuwa umempa nafasi ya wifi yako mzoga."

*

Alimweleza Fabiano jikoni, wote wawili wakiwa wamevaa barakoa, sauti zikitoka nzito kama za watu walio ndani ya pipa. Fabiano alikuwa fundi wa kuchomelea. Mikono yake ilijua kushika kitu hata pale kichwa chake kilipokuwa hakijui la kufanya, na wakati ule ilishika sufuria tupu, ikaigeuza, ikaigeuza tena.

"Mzee ana uhakika?"

"Hana."

"Dada amenilea, Paskalina. Mama alipokufa nilikuwa natambaa."

"Najua."

"Na Agripina atakulia wapi kama hatuna okidi? Kwa Akonaay? Akonaay atakufa lini?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Aliiweka sufuria chini. "Usiniulize. Sina mdomo wa kulisema hilo. Amua wewe, mimi sitakulaumu."

Basi akaamua. Huenda kama angepewa siku mbili angeamua vingine, lakini majani yale yalikuwa yakizidi kukunjamana ndani ya khanga, na alihisi akiba ile ikimwagika kila dakika aliyosimama. Alimpeleka Agripina kwa Mzee Akonaay na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Alipitisha waya laini kwenye shingo ya okidi, akaitundika ndani ya sanduku la mzee, pembeni, pale ambapo unyevu ulikuwa mwingi zaidi. Kisha akarudi nyumbani kwenda kusema.

Leokadia alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa wima.

"Na mimi?" aliuliza.

"Usubiri, wifi. Mzizi ukitoka tu, wewe ndiye wa kwanza kuingia."

"Ukitoka."

"Utatoka."

Leokadia alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mfanyabiashara, yanayojua mteja asiyekuwa na hela hata akizungumza vipi. Halafu akavaa barakoa yake, maana kile chumba sasa kilikuwa sawa na barabarani, akajilaza akageukia ukuta.

"Basi uitunze vizuri," alisema. "Maana imelala kwenye kitanda changu."

*

Siku zikawa za namna moja. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, Paskalina alitoa vichungi vya barakoa zote tatu, akavisuuza, akavianika ndani ya nyumba. Kisha alikwenda kwa mzee. Agripina alimpokea mlangoni kwa kumshika kiuno bila kusema, na mara nyingi huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa mazungumzo yao, kwa sababu mlango haukutakiwa kukaa wazi. Alinyunyizia majani maji ya mvuke. Aliinua kila jani kwa ncha ya kijiti na kukagua kwapa lake, pale linapoungana na shingo. Mzee alikaa nyuma yake, akiuliza.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Shingo ni ngumu?"

"Ni ngumu."

"Basi bado."

Nyumbani Leokadia alikuwa akimsubiri kwa swali lake. Mwanzoni aliuliza kwa utani kidogo, "Mgonjwa wetu kaamkaje?" Baadaye aliuliza tu, "Umetoka?" Alitaka kujua kila kitu: jani la chini limekuwa manjano kiasi gani, yale majeraha yamekauka, mzee kasema nini. Alisahau kuuliza habari za Agripina lakini hakusahau kuuliza habari za okidi. Wakati mwingine Paskalina alimkuta akimweleza Fabiano kuhusu mmea ule kama vile yeye ndiye anayekwenda kuutazama, na Fabiano akiitikia, akimpigapiga mgongoni taratibu kwa kiganja ili makohozi yatoke.

Makohozi yalianza kutoka na rangi ya waridi.

Siku ile ilipotokea damu yenyewe, nyekundu, Fabiano alikwenda nayo dirishani kwenye kitambaa, akaitazama kwenye mwanga, akarudi. Hakumwangalia mkewe. Paskalina alichukua barakoa yake akatoka, na mara hii vumbi lilikuwa limeshaanza, barabara nzima imegeuka nyeupe kama maziwa, akawa anatembea kwa kushika kuta za nyumba za watu. Alikuwa ameshaamua. Ataitoa okidi ndani ya sanduku, ataitupa huko nje kwenye magadi, na jioni ile Leokadia atalala kwenye hewa safi. Kama watapona wawili, na wapone wawili.

Mzee Akonaay alimfungulia, akamsikiliza, akasogea pembeni.

"Ni haki yako," alisema. "Toa."

Paskalina aliingiza mkono, akashika waya. Jani la chini lilikuwa limedondoka lenyewe. Akainua mmea kidogo ili aufungue, na hapo, kwenye kwapa la jani la pili, akaona kitu. Kilikuwa kijani kibichi, kinang'aa, kidogo kama punje ya mtama, kimeipasua ngozi ya shingo na kuchungulia.

Mkono ukamkauka.

"Vipi?" mzee aliuliza.

"Kuna kitu."

"Kikoje?"

"Kimechomoza. Kijani."

Mzee alisimama, akaja mpaka kwenye kioo, akakodoa macho yake mabovu bure. "Ni cha mviringo, au ni bapa?"

Alitazama mpaka machozi yakamtoka. Kilikuwa kidogo mno, hakikuwa na umbo. "Sijui. Sijui, mzee."

"Kikiwa mviringo ni mzizi. Kikiwa bapa, kama kidole gumba, ni kikonyo cha maua. Mmea unaokata tamaa unatoa maua. Unatumia kilichobaki kutafuta mbegu. Kipe siku chache kitajionyesha."

Siku chache. Alisimama pale na waya mkononi. Agripina alikuwa amemshika nguo, akitazama kile kijani kwa mdomo wazi, na Paskalina alijisikia akiuachia ule waya, polepole, ukarudi mahali pake.

Nyumbani alisema, "Kuna kitu kimetoka," na Leokadia akaanza kulia kwa furaha.

*

Kilikuwa bapa.

Kilikua haraka, jinsi vitu vya mwisho vinavyokua, na baada ya wiki kilikuwa kikonyo chenye urefu wa kidole, kikiwa na vitumba vinne vya maua. Mzee aliambiwa, akainamisha kichwa. "Kata leo. Ukiacha vifunguke, kitanyonya shingo mpaka ikauke."

Alikata kwa wembe uleule. Hakujua la kufanya na kikonyo kile, akakifunga kwenye khanga akaenda nacho nyumbani. Leokadia alikiona kabla hajakificha.

"Lete nikione."

Akampa.

"Hiki ndicho kilichotoka?"

"Ndicho, wifi."

"Mbona umekikata? Ilikuwa inaishi!"

"Haikuwa inaishi. Ilikuwa inaaga."

Leokadia alikishika kwenye mapaja yake kwa muda mrefu. Hakupiga kelele. Pumzi zake zilikuwa zikitoka kwa sauti ya karatasi inayokunjwa. "Tafuta glasi," alisema mwishowe, "ukitie maji."

Paskalina alitafuta glasi, akaiweka kwenye stuli karibu na kitanda. Kutwa nzima Leokadia alilala ubavu akivitazama vitumba vile. Na ndani ya glasi ile, katika chumba kilichojaa magadi, kitumba kimoja kilifunguka. Lilikuwa ua jeupe, dogo, lenye mkia mrefu kama sindano. Liliishi siku mbili, kisha vumbi likalichoma kingo.

Fabiano aliacha kwenda kazini. Alikaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda cha dada yake, na Leokadia alimwekea mkono kichwani kama walivyokuwa wakikaa zamani. Siku moja, Paskalina akipanguza meza, alimsikia akimuuliza mdogo wake kwa taabu, akipumzika kila baada ya neno, "Fabi, ulikubali?" Fabiano aliuchukua mkono ule kichwani mwake, akaubusu, akaurudisha.

Asubuhi ya mwisho Paskalina alitoka kwa mzee kama kawaida, na kwa mzee hakukuwa na kitu. Majani yalikuwa yamebaki mawili. Alipoingia tu nyumbani alijua kuwa muda umefika. Chumba kilikuwa na ukimya wa namna hiyo. Leokadia alikuwa amevuliwa barakoa, haikuwa na kazi tena. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Aligeuza macho tu, akamwangalia wifi yake, na swali lile lilikuwa machoni, kwa kuwa sauti haikuwepo.

"Umetoka," Paskalina alisema.

Alipiga magoti karibu na kitanda. "Umetoka, wifi. Leo asubuhi. Mviringo kabisa, na ncha yake ya kijani. Nimeushika na kidole. Mzee kasema kufikia Jumapili utaingia, umeandaliwa kitanda."

Leokadia alifumba macho. Mkono wake ulikuwa ukimtafuta Fabiano, lakini Fabiano alikuwa ameshainuka. Alikuwa anahangaika na viatu, hakuvivaa, akachomoka peku bila barakoa kwenda kwa Mzee Akonaay. Alitaka kuuona mzizi. Alitaka, pengine, kumbeba dada yake saa ileile amvushe barabara.

Leokadia alifariki kabla mdogo wake hajarudi. Paskalina alikuwa amemshika peke yake.

Fabiano aliporudi alisimama mlangoni, mweupe kichwa hadi miguu kwa vumbi, kifua kikipanda na kushuka. Alimtazama dada yake, kisha mkewe.

"Hakuna kitu kule," alisema.

"Nilitaka aende na..."

"Nilikuwa nje. Nilikuwa nje, Paskalina, wakati anakufa. Nilikuwa naangalia pale pasipo na kitu."

*

Walimzika nyuma ya kanisa, padri akisoma haraka kwa sababu ya upepo. Baada ya hapo Fabiano hakugombana na mtu. Alikula alichopewa, alisema asante, alirudi kazini. Kukohoa kwake kulikuwa kumeanza kufanana na kule kwa dada yake, na Paskalina alilala akihesabu kila pumzi yake kwenye giza, mpaka akagundua kwamba na yeye mwenyewe anakohoa.

Nafasi ya pili kwa Mzee Akonaay ilikuwa bado na mmea. Paskalina alimwomba Fabiano akalale pale badala yake, okidi itupwe. Fabiano alisema, "Iache. Imelipiwa."

Mzizi ulitoka wiki ya sita baada ya mazishi. Paskalina hakupata furaha yoyote alipouona. Ulikuwa mviringo, kijani, umefunikwa unyevu, umechomoza chini ya jani la mwisho lililobaki zima. Aliutazama asubuhi hiyo, akautazama kesho yake, na siku ya tatu ulikuwa mrefu kama ukucha, na wa pili ulikuwa umeanza kuchungulia kando yake.

"Mzee," alisema, "ni mviringo."

Mzee Akonaay aliomba aelekezwe. Alipitisha kidole chake hewani hadi kikagusa, akakiondoa haraka kama aliyegusa jicho la mtu. "Mungu wangu," alisema. "Umefanikiwa."

Hilo neno lilimfuata barabarani mpaka nyumbani.

Fabiano alikuwa anafunga mfuko wake wa zana. "Umetoka," Paskalina alimwambia.

"Ndiyo," alisema, akiendelea kufunga.

"Baba Agripina, safari hii ni kweli."

"Hata ile safari ulisema hivyo. Ulisema umeushika na kidole."

"Twende ukaone."

"Nilishakwenda kuona." Akautupa mfuko begani, akatoka.

Hakwenda. Mizizi ikawa mitatu, ikawa mitano, ikavaa ganda lake jeupe, ikaanza kunasa magadi. Masika yalipoingia, mzee alisema inaweza kubeba watu watatu tena, wala asizidi hata mtoto mchanga. Ndipo Fabiano alipokubali kuja, maana sanduku lao tupu lilipaswa kuletwa kuichukua okidi, nalo lilikuwa zito na hakuna mwingine wa kulibeba. Aliona mizizi. Aliitazama bila kupepesa, kama mtu anayesomewa kitu kwa lugha asiyoijua, kisha akauliza, "Waya wa feni uko wapi?" Akaufunga. Nyumbani alichomelea upya fremu ya mlango wa chumba cha ndani, akabadilisha mpira wa kuzibia, akapima kwa moshi wa kijiti kama kuna mahali panapovuja. Alifanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya ndani ya nyumba ile. Agripina alirudi na mfuko wake wa plastiki, amerefuka, akaingia ndani akajitupa kitandani akavuta pumzi kwa nguvu.

"Baba, njoo. Hewa inanukia mvua."

Fabiano alikuwa kizingitini. Barakoa yake ilikuwa shingoni.

"Ingia," Paskalina alisema. "Tafadhali. Nafasi ni yako. Imeandikwa watatu."

"Nafasi ya nani?"

"Yako, Fabiano."

Alitikisa kichwa, bila ubishi, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa. "Nilikwambia sitakulaumu," alisema. "Na sikulaumu. Nilikupa wewe mdomo wangu ulisemee lile jambo, halafu nikakaa kimya. Wewe ulichagua. Mimi hata hilo sikufanya." Alikohoa, akageuza uso pembeni mpaka kikohozi kikapita. "Siwezi kulala hapo nikavuta hewa ile. Nimejaribu kulifikiria, siwezi."

"Utakufa huko nje."

"Mwambie mtoto nina kazi ya usiku."

"Usinifanye nimdanganye na yeye."

Hilo lilimgusa, alimwona akiguswa. Alichungulia ndani, akamtazama Agripina aliyekuwa amelala chali, akihesabu vidole vyake kwa wimbo wa shule. Kwa muda kidogo mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya chumba.

"Basi mwambie ukweli wowote utakaoweza kuusema," alisema.

Akautoa mguu. Akausukuma mlango ukaingia kwenye fremu yake mpya bila mlio. Paskalina aliweka kiganja chake kwenye chuma, upande wa ndani, na upande wa pili akasikia mumewe akipitisha gundi ya kuzibia pembeni, juu, upande mwingine, kisha chini kabisa kwenye kizingiti, akiikandamiza kwa kidole gumba kila mahali ili pasibaki hata tundu.